Tairi la Mbele

Petroli ikimwagikia udongo mkavu hutoa harufu ambayo mpaka leo hunisimamisha. Juzi niliisikia nikisubiri bodaboda stendi ya Handeni, na mara nikajiona kwenye barabara ya shamba la mkonge, msichana mwenye vumbi mpaka kwenye kope, nimeshika usukani wa pikipiki ya baba bila ruhusa.

Dada yangu alisimama pembeni akinielekeza. "Vuta mafuta, achia klachi, jivute nyuma!"

Tairi la mbele likanyanyuka, nikaona anga tupu, kisha nikaanguka na pikipiki ikanilalia goti. Tulipoinua macho, baba alikuwa amesimama palepale, jembe begani.

Dada alianza kulia kabla hajaguswa. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na fimbo yake tuliijua.

"Shikamoo baba," nikasema, bado niko chini.

"Marahaba." Akaiinua pikipiki, akapangusa tangi kwa kiganja, akapanda. "Klachi unaiachia kwa pupa. Angalieni."

Akaenda mbali, akageuza, akarudi kwa tairi moja, shati limejaa upepo, anacheka kwa sauti. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo.

Jioni mama aliuliza nimeumiaje goti. Baba alikuwa uani akinawa.

"Mimi ndiye niliyemwangusha," akasema. "Niliwapakia, tukateleza mchangani."

Mama alimtazama, kisha akaenda kuniletea maji ya chumvi. Baba akaendelea kunawa mikono ambayo ilikwisha kutakata.