Mkono wa Kulia wa Baba

Baba aliletwa na lori la mbao kutoka Shume. Lilisimama kwenye barabara inayopita juu ya shamba letu la kabichi. Utingo akashusha godoro, kisha akamshusha Baba na kumkalisha juu ya godoro hilo hilo. Mimi nilikuwa napalilia karoti. Nilimtambua kwa koti. Upande wa kulia wa mwili wake ulikuwa umekufa, mdomo umekwenda upande, na maneno yote yamepotea.

"Yule mama wa huko anasema hawezi tena kumwinua peke yake," dereva alisema kupitia dirishani, akaondoka.

Baba alituacha nikiwa darasa la pili, akaenda kukaa na mwanamke mwingine huko kwenye mbao. Sasa nimemaliza la saba siku nyingi, nalima na Mama hapa Lukozi. Mama alipanda kutoka bondeni na jembe lake begani, akamtazama Baba, akaniambia, "Shika miguu." Tukambeba. Alimtandikia kwenye chumba cha mbegu za viazi, kando ya magunia.

Majirani walipokuja kutoa pole walisema, "Tumesikia mzee amerudi." Mama aliwajibu, "Ameletwa." Alimwogesha, alimnywesha uji kwa kijiko, alimfulia nguo. Lakini hakumsemesha. Akitaka kumwambia kitu aliniambia mimi: "Mwambie ageuke." Na Baba yuko pale pale, anasikia.

Alichotaka Baba tulikijua. Alipoanza kuweza kuburuta mguu, kila jioni alitoka chumba cha viazi, akafuata ukuta mpaka mlango wa chumba cha Mama, akaweka kiganja cha kushoto juu ya ubao. Hakubisha. Mlango ule aliutengeneza mwenyewe, zamani, kabla hajaondoka. Mama akipita na sufuria alisema, "Mwondoe njiani," nami nikamwondoa.

Jumapili, kengele ya kanisa ikilia, naye alilia.

Kanisani kwetu mtu aliyeacha ndoa yake akaenda kuishi na mwingine hutengwa. Anaweza kukaa kwenye benchi na kuimba, lakini Meza ya Bwana haikaribii mpaka asimame mbele ya watu wote, aulizwe, ajibu, ndipo arudishwe kundini. Shangazi, dada yake Baba, ndiye aliyemwendea Mchungaji. Mchungaji akakubali. Kwa kuwa Baba hasemi, alisema, ataitikia kwa kichwa.

"Kanisa likishampokea," Shangazi aliniambia tukichambua maharage, "mama yako atabaki na neno gani? Atampokea tu."

Niliamini. Nilianza hata kufikiria magunia tutayapangaje chumba cha viazi kikiwa wazi.

Siku ilipofika, kijana jirani yetu wa bodaboda alimpakia Baba katikati, mimi nikakaa nyuma nikimkumbatia.

"Shikamoo mzee. Na hilo koti, leo ni harusi ya nani?"

Baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mshike vizuri, dada. Akidondoka watasema Muislamu ndiye aliyemzuia asifike kanisani."

Mchungaji alimuuliza kama anatubu, na kama anataka kurudi. Baba aliitikia kabla swali halijaisha, akaendelea kuitikia, mpaka Mchungaji akamwekea mkono kichwani. Kwaya ikaimba. Mama alikuwa kwenye kwaya, mstari wa nyuma, akiimba kama wenzake.

Ibada ikiisha huwa tunatoka tukiimba, tunapeana mikono, ndipo tunakwenda kwenye mnada wa sadaka za mashambani. Siku ile walimsimamisha Baba nje ya mlango ili kila mtu apite ampe mkono. Mzee wa kanisa wa kwanza alipofika, Baba alinyoosha wa kushoto. Kisha akaurudisha haraka, kwa aibu, maana mtu hapewi mkono wa kushoto. Akanitazama.

Niliuinua ule wa kulia. Ulikuwa mzito na wa baridi. Niliushika chini ya kifundo, nikauweka kwenye mkono wa mzee, nikaushusha, nikauinua tena kwa aliyefuata.

"Karibu nyumbani, mzee."

"Umekonda, lakini koti ni lile lile."

"Pona upesi uje utuendeshee mnada," mama mmoja alimwambia. "Ni wewe tu uliyeweza kutuuzia yai moja kwa bei ya jogoo."

Baba alicheka na machozi yakamtoka. Mkono wangu ulianza kuuma.

Kwaya ilikuja mwisho. Mama alipotufikia niliuinua ule mkono juu kuliko nilivyowainulia wengine. Akasimama. Waliokuwa nyuma yake wakasimama pia, hata aliyekuwa ameanza kunadi akageuka na kabichi yake mkononi. Nikiushusha, nitakuwa nimemkatisha Baba tamaa mimi mwenyewe. Nikiendelea kuushika, ni kama namlazimisha Mama mbele za watu. Nikaendelea kuushika, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Mama aliutazama mkono wa Baba, na wangu chini yake. Kisha akafunga kifungo cha koti kilichokuwa kimefunguka, kama anavyomfungia kila asubuhi, akapita.

Jioni nilimkuta jikoni anamenya viazi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kanisani.

"Mama, Mchungaji amempokea."

"Nimeona."

"Shangazi anasema..."

"Shangazi yako ana mume wake ndani." Akatupa kiazi kwenye maji. "Mungu amemsamehe, sikatai. Lakini Mungu hakulala kwenye kile chumba changu na wewe unakohoa usiku kucha, hakuna wa kumtuma dawa. Nililala mimi." Akachukua kiazi kingine. "Umeniona nikimfukuza?"

"Hapana, Mama."

"Nimemnyima chakula?"

"Hapana."

"Basi."

Nilizoa maganda chini.

Nilipotoka, Baba alikuwa ameshafika mlangoni kwa Mama. Alikuwa bado amevaa koti lake, kifungo kimefungwa, na kiganja cha kushoto kiko juu ya ubao. Safari hii alinigeukia, akaitikia kwa kichwa, tena na tena, kama alivyofanya mbele ya Mchungaji.

"Mwondoe hapo," Mama alisema kutoka jikoni. "Chakula kinapoa."

Nilimshika kiwiko upande ulio hai. Aliendelea kuitikia. Nilimgeuza polepole kuelekea chumba cha viazi, naye akageuka.