Medali Shingoni kwa Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka, kaivaa shingoni, na mimi roho ikaniuma pale pale. Sisemi uwongo, ni wivu, na mpaka leo haujanitoka.

Ilikuwa medali ya babu yake mama, aliyekuwa mtia makaa kwenye meli ya biashara iliyozamishwa vitani. Si nishani ya ushujaa. Medali kama hizo zilitengenezwa vita vikiendelea, kulaani kuzamishwa kwa meli zisizo na mizinga. Upande mmoja meli inakwenda chini, upande wa pili watu wamejipanga kukata tiketi, na anayewauzia ni kiunzi cha mifupa, yaani mauti. Mzee aliinunua bandarini baada ya kuokolewa, mama akaja nayo Omani tulipohama Unguja. Binti wa nyumba hii ni mmoja tu, mimi. Nikajua itakuwa yangu.

Sasa mama haoni, anakaa Ibra kwa kaka. Mimi niko Maskati, huja Ijumaa. Ijumaa hiyo nikakuta medali imetobolewa, imetiwa pete na mkufu. Wifi ni mtu wa Nizwa, kaipeleka kwa sonara wa kwao, na huko kila kiduara chenye picha hutobolewa, kama zile riale za fedha kwenye mikufu ya mabibi harusi. Tundu limepita kwenye dohani ya meli.

"Nani kakwambia uitoboe?"

"Mama kanituma," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akaenda zake jikoni.

Nikamgeukia mama. "Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Hapa kapona mgeni peke yake. Mimi mwanao nimekosa nini?"

Mama akaitisha maji. Wifi akaja na gilasi, akamwinamia, medali ikaning'inia. Mama akanyanyua mkono, akaikamata, akawa anaipapasa ile meli kwa kidole gumba huku anakunywa. Wifi hata hakushtuka. Wallahi niliona vile walivyozoeana, nikatamani kumpokonya.

"Ningekupa wewe, mwanangu," mama akasema, "ningeishika Ijumaa kwa Ijumaa."

Nikamwambia wifi anipe gilasi, leo namnywesha mimi. Nikamwinamia mama. Mkono wake ukanyanyuka wenyewe, ukanipapasa kifuani, ukakuta nguo tu, ukarudi mapajani.