Dawa ya Mchana

Dobi alikuwa mtu wa maneno machache, na majirani walisema bintiye ndiye aliyerithi maneno yote ya ukoo. Ndiyo maana wakamwita Chiriku. Alikuwa na miaka sita tu, lakini Jumamosi akiingia dukani kwa baba yake, wateja walisahau nguo zilizowaleta. Aliuliza kama shati linaumia likipigwa pasi.

Wazazi wake walikuwa wameachana mwaka mmoja na ushei. Siku za wiki Chiriku alikaa kwa mama yake, mfungashaji wa biskuti kiwandani. Mwisho wa wiki alikuwa kwa baba. Walikabidhiana mtoto mlangoni kwa uangalifu, kama trei ya mayai, na salamu zao hazikuzidi mbili.

Jumamosi moja adhuhuri, duka limejaa mvuke na mwanga wa dirishani unaelea juu ya mashuka meupe, Chiriku alipanda kwenye rundo la nguo safi, akajilaza, akafumba macho na kufungua kinywa.

"Baba, dawa yangu."

"Dawa gani?"

"Ile nyekundu, tamu. Mama akienda kazini nakunywa vijiko viwili, halafu anafunga mlango. Nikiamka ameshafika."

"Kwani unakohoa?"

"Sikohoi. Ni ya kutoogopa."

Dobi akasimama palepale na pasi yake. Alimwona mwanawe kwa mbali, kama aliye chini ya maji, akishuka taratibu. Harufu ya foronya iliyoungua ndiyo iliyomzindua.

Alimpigia mama mtoto. "Ni dawa ya mafua tu," mama alijibu. "Leo ndiyo unanifundisha kulea?" Simu ikakatwa. Alipiga tena mara mbili, haikupokelewa.

Dada yake dobi aliposikia kwamba anataka kwenda ofisi ya ustawi wa jamii, alishika kiuno. "Watasema unamkomoa mtalaka wako. Utajipaka matope bure."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua, dada."

Jumatatu asubuhi, mtoto akiwa amesharudi kwa mama yake, dobi hakufungua duka. Ofisi ya ustawi ilikuwa ghorofani, pazia lake likivuta pumzi ndani na nje. Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani.

"Nieleze, baba. Uliyoyaona niambie kwanza, kisha uliyoyasikia. Unayoyadhani yaache mlangoni, tutayapitia baadaye."

Hapo dobi akagundua kuwa nusu ya mzigo aliokuja nao ni dhana: kwamba yule mwanamke hajali, kwamba labda kuna mwanamume. Akazimeza. Akasimulia rundo la nguo, kinywa wazi, vijiko viwili, mlango. Afisa aliandika maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa, bila kuyapamba.

"Unataka upewe mtoto?"

Dobi alitikisa kichwa. "Nataka mchana awe macho."

"Basi usimhoji tena. Akisema mwenyewe, msikilize."

Mchana uleule afisa alibisha mlango wa mama Chiriku, asiitikiwe. Kupitia dirishani aliona mtoto kitandani, mkono ukining'inia. Mama aliitwa kutoka kiwandani, akaja mbio, kofia ya kazi bado kichwani na unga kwenye kope. Zamu yake ilikuwa imehamishiwa mchana, na jirani aliyekuwa akimwangalizia mtoto alikuwa amehama. Aliogopa kumwambia mtu, asije akanyang'anywa mwana. Daktari alimpima Chiriku, akasema hajadhurika, lakini kwa vijiko vile ipo siku asingeamka.

Walikutanishwa ofisini wiki hiyohiyo.

"Ungekuja kuniambia," mama alisema, macho sakafuni.

"Ningekuja tungegombana, mtoto bado amelala."

Walikubaliana: akitoka shule, Chiriku aende dukani kwa baba mpaka zamu iishe, na afisa apite kuwaona kila wiki. Aliyetia saini kwanza ni mama, na dobi akajikuta anamwonea huruma.

Haikuwa rahisi. Siku za mwanzo mtoto alikataa hata kukaa karibu na mto wa kulalia, akazunguka kati ya nguo zilizotundikwa, akiongea bila kituo. Mama naye alikuja jioni, akasema "Haya, twende," akaondoka bila kumtazama dobi. Miezi minne ilipita hivyo. Dobi hakulalamika. Kuna nyakati, katikati ya mvuke, alijiona mtu mbaya. Kisha mwanawe alimuuliza jambo jingine, naye akajibu.

Jioni moja mama alichelewa kuaga. Alisimama kizingitini, akikunja na kukunjua kamba ya mkoba wake.

"Kesho naanza zamu mapema," alisema. "Nikimleta kabla ya shule, utakuwepo?"

"Mlete," dobi alisema. "Nitafungua saa kumi na mbili."