Viraka Juu ya Sanda ya Ayeeyo

Wiki jana niliingia duka la vitambaa kutafuta uzi wa manjano, nikamkuta mwenye duka amefungua kopo la kafuri pale kaunta. Harufu ilinipiga puani. Niliweka mzigo chini, nikamwambia binti yangu Sumeya ashike buibui langu, tukatoka nje tukasimama juani. Mimi ni mtu mzima, nina mtoto wa miaka sita na mwingine wa kunyonya, na nilikimbia harufu.

Wanawake wa bulla yetu, mtaa wetu hapa Garissa, huniuliza nilianzaje kushona mashuka yangu ya viraka. Wanayaita mashuka ya wazimu, na sitabishana nao. Kipande cha dera kimelala karibu na kipande cha sare ya shule, kimoja kina pembe tano, kingine kimepinda kama pembe ya mbuzi, hakuna kinachofanana na mwenzake, na juu ya kila mshono nimetembeza uzi wa rangi kama nyayo za kuku mchangani. Mimi huwajibu kwamba nilifundishwa na mama yangu. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili sikupenda kuisema, na sasa ninaisema kwa sababu nina hasira, na hasira hii haitaki kukaa ndani.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa dereva wa lori la kwenda Liboi, tukimwona mara moja kwa wiki mbili, akinuka dizeli na vumbi. Hooyo, mama yangu, alikuwa na cherehani sokoni, chini ya paa la mabati lililochemka kama sufuria. Nyumbani tulibaki mimi, kaka zangu wadogo, na Ayeeyo, mama yake baba, aliyeletwa mjini kutoka Bura baada ya ukame kumaliza mifugo yake. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mimi ndiye niliyemwambia nani anapita barabarani, ngamia wa nani wamenenepa, nani amevaa viatu vipya. Nilimmiminia shaah, chai yenye maziwa ya ngamia, nikamkuna mgongo, na godoro langu lilikuwa kando ya kitanda chake. Kwetu mkubwa humwita mtoto kwa jina lile lile ambalo mtoto humwitia yeye, kwa hiyo aliniita Ayeeyo, nami nikamwita Ayeeyo, na mgeni akiingia alifikiri tuna wazimu sote wawili.

Likizo ya Aprili hooyo alirudi na gunia la mabaki ya nguo. Mabaki ya kila kitu: kanzu za wanaume, hariri za maharusi, sare za kijani, buibui. Nilitaka kuyakata yawe miraba sawasawa, nikaharibu matatu.

"Miraba ni ya watu wenye nguo nyingi," hooyo alisema. "Chukua kipande kimoja, weka katikati. Chukua cha pili, kilaze juu yake uso kwa uso, shona upande mmoja, halafu kigeuze. Kinachozidi unakata. Halafu cha tatu. Unazunguka hivyo hivyo mpaka uchoke."

"Nikikosea?"

"Utakosea vipi na hakuna mstari?"

Nilipenda hiyo. Shuleni kila kitu kilikuwa na mstari.

"Lakini lazima kuwe na kitambaa cha chini," akaongeza. "Hivi vipande havijuani. Bila kitu cha kuvishika vitavutana na kuchanika. Tafuta shuka kuukuu."

Shuka kuukuu katika nyumba yenye watoto wadogo? Yote yalikuwa yamekuwa nepi. Nilitafuta kabatini, nikatafuta jikoni, mwisho nikavuta sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda cha Ayeeyo. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, kulikuwa na vitambaa vyeupe vimekunjwa vizuri, vitano, vikinuka kafuri. Nilijua kafuri ni dawa ya mende. Nikafikiri, masikini Ayeeyo, ameweka mashuka yake mazuri mpaka amesahau kwamba anayo. Nikachagua kimoja, kadiri ya mtandio, laini kama kitu kilichofuliwa mara mia. Vinne nikavirudisha kama nilivyovikuta.

Wiki mbili nilishona nikiwa nimeketi mlangoni pa chumba, Ayeeyo nyuma yangu na tasbihi yake. Nilijichoma vidole vyote kumi. Sijawahi kuwa na raha kama ile, na ninawaambia ili mjue kilichovunjwa kilikuwa na ukubwa gani.

Kisha Ayeeyo akashikwa na homa na kikohozi cha kuvuta kifuani, na Eeddo akaja. Eeddo ni dada yake baba, binti mkubwa wa Ayeeyo, anakaa Wajir. Alishuka kwenye pikapu na mkoba wake, mrefu, mwenye sauti ya kuita ngamia, akakuta mama yake hali chakula. Siku ya pili, alasiri, hooyo akiwa sokoni, nilimsikia akilivuta lile sanduku hadi sebuleni. Kisha nikamsikia akihesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Akahesabu tena. Akahesabu mara ya tatu.

"Ifrah, njoo hapa."

Nilikwenda na kazi yangu ya kushona mikononi. Nilidhani anataka kuiona. Nilikuwa nimeishika kwa ncha mbili, imeenea mbele ya kifua changu, ili viraka vyote vionekane.

Eeddo aliigeuza akatazama nyuma.

"Umetoa wapi hii?"

"Kwenye sanduku. Ni shuka ya zamani."

"Hii ni sanda ya mama yangu." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha kwanza, maana Eeddo hupaza sauti hata akiomba chumvi. "Ililowekwa Zamzam huko Makka, ikarudi naye kwenye ndege. Mwanamke anavishwa vipande vitano. Hiki ulichotoboa ni cha kichwa."

Nilisema nitafumua.

"Fumua. Na matundu utayafumua?"

Chumba cha pili Ayeeyo alikohoa.

"Akifa leo atalala kaburini kichwa wazi," Eeddo akasema. "Malaika watakuja kumuuliza yuko kichwa wazi. Kwa sababu yako. Na usithubutu kumwambia. Wala mama yako. Mama yangu akijua, moyo wake utasimama hapo hapo."

Akanirushia kile kitambaa. Kilinigonga usoni, kikanuka kafuri.

Nyuma ya choo, mahali palipokuwa na kivuli chembamba, nilifumua kwa wembe. Nilifumua siku tatu. Vidole vilikuwa na jasho na jasho likatoa rangi ya kile kipande chekundu cha hariri, ikaenea kwenye weupe kama damu iliyochanganywa na maji. Nilipokisugua kwa mate ilizidi. Matundu ya sindano yalibaki safu kwa safu, na nikikiinua juu niliona jua linapita katika kila moja. Nilimfikiria Ayeeyo chini ya udongo, na udongo unapita katika kila moja.

Nilihesabu vikohozi. Nilijiambia akikohoa mara tano kabla sijamaliza kusoma aya hii ya Kurani, atakufa. Akikohoa mara nne, ataishi. Nilianza kusoma haraka ili nimuwahi. Nilimwomba Mungu achukue kile kifua anipe mimi, kisha nikaogopa kwamba amenisikia. Kila mwanamume aliyepita barabarani na kanzu nyeupe nilidhani anakuja kumbeba. Kitambaa nilikifukia nyuma ya zizi la mbuzi, na kila asubuhi nikaenda kuangalia kama mbwa amekifukua.

Siku ya nane homa ilishuka. Ayeeyo aliomba anjera na samli. Watu wakacheka, Eeddo akalia, akafunga mkoba akarudi Wajir. Mngedhani woga wangu uliondoka naye kwenye ile pikapu. Hapana. Aliyepona leo anaweza kuugua kesho, na kila siku aliyokuwa hai ilikuwa siku nyingine ambayo angeweza kufa bila kitu cha kichwani.

Sikuweza kukaa naye. Nikimkaribia nilitazama mtandio wake nikageuza uso. Niliogopa mdomo wangu, kwamba utafunguka wenyewe na moyo wake usimame mbele yangu. Nikahamisha godoro hadi stoo, nikasema nina masomo. Shaah nikamletea, nikaiweka kwenye kigoda, nikaondoka kabla mkono wake haujanishika.

"Ayeeyo, nani anapita huko?" aliniuliza.

"Sijui. Nina kazi ya shule."

"Na ile kazi yako ya kushona?"

"Niliacha."

Aliuliza mara nyingi mwanzoni. Baadaye akawa anawauliza kaka zangu ni nani anayepita, nao hawakujua majina ya watu.

Hivyo hivyo miaka sita.

Alifariki asubuhi ya Ijumaa, kiangazi, nikiwa kidato cha pili. Eeddo alikuwa ameshafika siku mbili kabla. Wanawake walipoingia kumwosha, hooyo aliniita nishike birika la maji, maana nilikuwa nimekua. Nilitaka kusema siwezi. Nilishika birika kwa mikono miwili. Nilijua kinachokuja. Wataufungua ule mfuko mbele ya wote, watahesabu, na mimi nitakuwa nimesimama pale.

Eeddo alifungua mfuko. Akaviweka kitandani kimoja kimoja.

Vilikuwa vitano.

Vinne vilikuwa vimegeuka rangi ya maziwa. Cha tano kilikuwa cheupe zaidi, bafta ya dukani, mikunjo yake bado migumu. Eeddo akakichukua akamfunga mama yake kichwa, taratibu, akimwekea sawa juu ya masikio kama mtoto anayepelekwa madrasa.

Jioni, wanaume wamerudi kutoka makaburini, nilimfuata alikokuwa akisuuza vikombe.

"Eeddo, kile cha kichwa ulinunua lini?"

"Kipi?"

"Unakijua."

Akasuuza kikombe, akakipindua juu ya sinia. "Kesho yake, baada ya siku ile ya sanduku. Chupa ya Zamzam ilikuwa mle mle sandukuni, nikakiloweka. Ulitaka mama yangu akose?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kuogopa."

Alisema hivyo kama mtu anayekwambia chai imeiva. Akaendelea na vikombe.

Nilimwambia hooyo usiku ule ule. Wiki iliyofuata alirudi kutoka sokoni na gunia la mabaki, na juu yake mita mbili za marikani mpya, akaliweka mbele yangu, akaenda kupika. Hivyo ndivyo nilivyoanza, mkitaka kujua. Si mara ya kwanza, mara ya pili. Anayeanza leo namwambia: vipande okota popote, lakini kitambaa cha chini nunua mwenyewe.

Sasa hasira. Mwezi uliopita Eeddo alikuja kwangu kutibiwa macho. Sumeya, ambaye amenirithi vidole, alichukua mkasi akakata shada za shali yake, zile nyuzi za pembeni, ili amtengenezee mwanasesere nywele. Mimi sikuwepo. Niliporudi sikuambiwa lolote. Niliona tu kwamba mtoto haji. Nikimwita anasimama mlangoni. Nikinyonyesha mdogo wake, yeye ambaye hupenda kujibana ubavuni mwangu, anakwenda kukaa uani. Siku ya tatu nilimshika mabega nikamuuliza kuna nini.

"Nikikuambia utakufa," alisema.

Nilimfungia Eeddo mkoba wake mimi mwenyewe. Aliniambia sina adabu. Nikamwambia ndiyo, sina, na gari la Wajir linaondoka saa nane.

Najua alikuwa anaogopa siku ile ya sanduku. Nimeshakuwa mama, najua mtu anavyohesabu kitu mara tatu akijua hakitaongezeka. Mama yake alikuwa anakufa chumba cha pili, naye hakuwa na pa kuuweka ule woga, akauweka kwa aliyekuwa mdogo kuliko wote. Ninaelewa. Kuelewa hakunipunguzii kitu. Watu husema mtoto aliyetishwa hujifunza. Kweli, nilijifunza kutogusa vya watu. Lakini zaidi ya hapo nilijifunza kuficha, na kutembea nyumbani kwetu kama mwizi.

Na kuna jambo ambalo nilikuwa sijaliona mpaka hizi siku tatu za Sumeya. Miaka yote nilijifikiria mimi, woga wangu, wembe wangu, matundu yangu. Lakini siku ya pili tu, Sumeya akiwa amekaa uani amenipa mgongo, nilikuwa nimeshaanza kujiuliza nimemkosea nini mtoto huyu, nilimwambia neno gani, kwa nini hanipendi tena. Siku mbili zilitosha kunichoma hivyo, na mimi nina macho, nina miguu ya kumfuata.

Ayeeyo alijiuliza miaka sita.