Bi Umu Anayefumua Nyimbo za Mashine

Zamani, mtu wa mtaa wa Langoni, Lamu, akitaka kumwoza binti alimwendea Umulkheir Badawi kabla hata ya kumwendea mpishi. Sauti yake ilikuwa nzito chini na nyembamba juu, na alijua kuupandisha ukumbi mpaka wanawake waliokuja wamenuniana wakajikuta wanapiga makofi pamoja. Kisha akatokwa na uvimbe shingoni. Alipasuliwa Mombasa, akapona, alhamdulillahi, akarudi Lamu na sauti ya kuzungumzia tu. Ya kuimbia haikurudi. Akijaribu kuipandisha ilikatika, ikabaki pumzi.

Hakulalamika mbele za watu. Aliacha kwenda arusini, basi. Ukimwalika alikuletea zawadi siku ya pili, akakaa nawe akauliza bibi arusi alivaa nini, lakini siku yenyewe humwoni. Nduguye Jeilani, mwenye duka la kuchapisha karatasi nyuma ya soko, akamwomba amshikie duka. Huko ndiko alikoizoea kompyuta: akipiga chapa barua za watu, akitengeneza kadi za arusi, akijua nani anamwoa nani mji mzima ukiwa bado haujajua.

Asubuhi moja aliingia msichana kutoka Kizingitini, Hadia Shuaib, aliyekuja na boti kuchukua kadi zake. Alizitia mkobani, akafika mlangoni, akarudi.

"Bi Umu, mwaweza kunitilia nyimbo kwenye fleshi?"

"Nyimbo ya nani?"

"Yangu. Nimeitengeneza kwa simu."

Alikuwa ameandika maneno yake kwenye programu ya akili unde, ile ambayo ukiipa mashairi na kuiambia unataka mtindo gani, inakurudishia wimbo mzima, mwimbaji na ala zake. Umulkheir akauchezesha. Mwimbaji alikuwa mwanamke asiyekuwepo popote duniani, na sauti yake tamu kama ya redioni. Lakini alimwita bibi arusi "Hedia". "Mai" ya Kiamu, maji ya kawaida tu, aliyatamka "mei" kana kwamba anataja mwezi. "Ndia", yaani njia, ikawa "endia". Ngoma nazo zilikwenda sawasawa mwanzo hadi mwisho kama saa ya ukutani.

Umulkheir alicheka, kisha akaona kuwa mwenzake hacheki.

"Najua haikukaa sawa," Hadia alisema. "Mamangu ndiye aliyekuwa akiwaimbia watu kwetu. Amefariki mwaka jana. Mama zangu wadogo wasema hawana moyo wa kuimba bila yeye. Nimeona ni heri niwe na kitu."

Umulkheir aliuhifadhi wimbo kwenye kompyuta. "Niachie," alisema. "Siahidi kitu. Lakini niachie."

Alimwuliza Bakr, fundi anayefunga spika kwenye maulidi na arusi, kama wimbo uliokwisha kutoka hivyo unaweza kutengenezwa upya. Bakr alimtajia programu ya bure ya muziki, ila akamwonya. "Ni kama mkate uliokwisha kuokwa, Bi Umu. Utautoaje chumvi?"

Programu ilichukua siku nzima kushuka, kwa mtandao wa duka ulivyo. Ilipofunguka ilijaa vitufe ambavyo hakuvielewa hata kimoja. Alikuwa akijifunza mchana, wateja wakipungua baada ya adhuhuri, akifuata mafunzo ya video ya mtu aliyezungumza Kiingereza cha haraka. Umulkheir alimsimamisha kila sentensi, akajaribu, akaharibu, akarudi nyuma. Aligundua namna ya kuitenga sauti ya mwimbaji na ala, kila kitu kikakaa kwenye mstari wake. Hapo ndipo moyo ulipomtulia. Alisema ilikuwa kama kufumua nguo: ukishauona mshono, nguo haikutishi tena.

Jina la bibi arusi lilimshughulisha kuliko yote. Aliuomba wimbo mpya kwenye simu mara kadhaa, na kila mara mashine ikarudi na Hedia. Mwishowe akasikia kwamba neno "furaha" mashine ililitamka vizuri. Aliikata "ha" ya mwisho, akaileta mbele ya "dia", akailainisha sehemu ya maungio mpaka sikio lisitambue. Hadia akaitwa Hadia. Kwa "ndia" alikwenda kuiba "ndi" iliyokuwa ndani ya "ushindi". Jeilani alipita akamkuta dada yake anarudia kipande kimoja kisichozidi kufumba na kufumbua, tena na tena, na uso umemng'aa. Akaenda zake.

Bakr aliposikia alivua kofia akajikuna kichwa. Kisha akampa wazo, kwa nia njema kabisa. Kuna programu nyingine, alisema, ukiilisha sauti ya mtu inaiga. Rekodi za arusi za zamani zipo. "Mtoeni huyu mwanamke wa mashine, mutie sauti yenu wenyewe. Ile ya zamani."

Umulkheir alijaribu. Alimtaka Bakr atoke nje kwanza, akabonyeza. Ilikuwa ni yeye. Uzito ule wa chini, wembamba ule wa juu, akiimba maneno ambayo hakuwahi kuyaimba, na akivuta pumzi mahali ambapo yeye kamwe asingevuta. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaifuta, akajifuta na macho.

"Imekataa?" Bakr aliuliza aliporudi.

"Imekubali. Lakini yule ameshaimba arusi zake, Bakr. Hii si yake. Hii ina wenyewe, wako Kizingitini."

Basi akapanda boti na kompyuta yake imefungwa kwa mfuko wa nailoni ndani ya kanga. Mkubwa wa mama wadogo wa Hadia, Bi Ruqaiya, alimkaribisha kwa chai na mkate wa sinia, ila alipoombwa waimbe warekodiwe kwa simu alitikisa kichwa. Pembe walizokuwa wakizigonga kwa vijiti katika vugo, ngoma ya wanawake ya msafara wa arusi, wao na marehemu, zilikuwa zimetundikwa tangu msiba.

"Sisi huwapigia watu," alisema. "Hatupigii simu."

Umulkheir hakumbembeleza. Alimvika spika za masikioni, akamchezeshea wimbo. Bi Ruqaiya alisikiliza kwa makini, akakunja uso.

"Nani huyu mwanamke?"

"Si mtu. Ni mashine."

"Ndiyo maana hachoki. Na ngoma zake mbona zagonga hivi? Hivi huwezi kutembea nazo." Akachukua kijiko, akagonga ukingo wa sinia kuonyesha. Nduguye aliyekuwa jikoni akatoka, akamsahihisha. Wakabishana. Mmoja akaziteremsha pembe ukutani ili wamalize ubishi, na Umulkheir, aliyekuwa ameiweka simu juu ya mto bila kusema lolote, akarekodi.

Walipojua wamerekodiwa hawakukasirika. Bi Ruqaiya alisema tu kwamba ile ya mwanzo haikuwa nzuri, warudie. Wakarudia mpaka alasiri, na kiitikio wakakiimba wao, wakiwa wanalia na wanaimba. Neno moja walilibadilisha, kwa sababu dada yao alikuwa akilitamka vingine.

Siku ya kupamba, bibi arusi anapoonyeshwa kwa wanawake, Umulkheir aliingia ukumbini. Alikaa karibu na spika pamoja na kompyuta. Mashine iliimba ubeti wa kwanza, pembe zikaingia, na Hadia, aliyefundishwa kukaa kimya macho chini kama bibi arusi, akainua uso kuwatafuta mama zake wadogo. Kiitikio kiliporudiwa, ukumbi mzima ulishakijua. Wanawake waliinuka na pembe za kweli mikononi. Umulkheir akaanza kumshusha mwimbaji wa mashine kidogo kidogo kwa kidole, mpaka mtu asingeweza kusema ni wakati gani alinyamaza. Bi Ruqaiya aliushika ubeti wa pili mwenyewe.

Tangu hapo wanakuja, kutoka Tchundwa, Faza, hata Ndau, kila mmoja na wimbo wake simuni. Umulkheir ana masharti yake. Lazima umletee sauti ya mtu mmoja wa kwenu, awe anaimba, anapiga makofi au anapiga vigelegele tu. Juzi alikuja mvuvi mmoja, Madi, anataka wimbo wa kushushia mashua yake mpya, na mashine ilikuwa imemtilia fidla.

"Hii niitoe?" Umulkheir aliuliza.

"Mimi naipenda," Madi alisema kwa haya.

Umulkheir aliisikiliza tena, kichwa ameinamisha upande. "Naam," akasema, "si mbaya. Yakaa. Lakini niletee wale watakaoisukuma mashua, niwasikie wakihema."