Mgonjwa Aliyetangulia Kipimo

Juzi, nikiwa kwenye foleni ya maabara moja hapa Machakos, mfugaji mmoja wa Mwala alikuwa akitetemeka ndani ya sweta mbili. Daktari alishuku leptospirosis, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya, lakini kipimo hakikuonyesha kitu.

"Mzee, hii inatafuta kinga ambayo mwili hutengeneza baada ya kuugua siku kadhaa, na yako bado haijatokea," dada wa maabara alieleza. "Umekuja mapema sana. Wacha tupime ile ingine, inatafuta mdudu mwenyewe kwa damu."

Mzee akamgeukia mkewe, kidole juu. "Umesikia? Mapema!"

"Ni mimi nimekuburuta," mama akajibu.

Nilicheka. Sisi wengine hufika hospitali tukiwa tumebebwa. Kile kipimo cha kwanza kinatutosha kabisa.