Choo Kisicho na Wilaya

Jina lake la kuzaliwa walilikumbuka wachache. Wengine wote walimwita Mama Ufunguo, kwa sababu ufunguo wa choo cha soko ulikaa kwenye pindo la kanga yake, na asiyejua kumwamkia vizuri alijua la kumpata.

Soko lenyewe liko juu kabisa, kwenye mgongo wa mlima, mahali pa upepo na mawe, ila ndipo njia zote za vilimani zinapokutana. Siku ya soko hupanda watu wa makabila sita, wengine wakitoka nchi jirani, ambayo mpaka wake ni kijito unachoweza kukiruka ukiwa umebeba kuku. Wanapatana bei kwa lugha zote hizo, wanatukanana kwa lugha zote hizo, kisha wote wanakwenda choo kimoja. Mama Ufunguo aliwajulia huko. Waliokuwa wakijigamba kwamba kabila lao ndilo safi kuliko mengine, yeye ndiye aliyepiga deki nyuma yao, na tofauti hakuwahi kuiona. Nyani haoni kundule, lakini mwenye fagio anayaona yote.

Kisha wakubwa wakaipasua wilaya ikawa mbili, na mpaka ukawekwa kwa kanuni ya milimani: pale maji ya mvua yanapogawana. Yanayoteremkia mashariki ni ya wilaya mpya, yanayoteremkia magharibi ni ya wilaya ya zamani. Kwenye ramani ulikuwa mstari wa kupendeza. Soko likabaki limekalia mstari huo kama mtu aliyepanda ukuta akakosa pa kushukia. Ofisi hazikuona tatizo. Kila wilaya ilileta karani wake wa ushuru, mmoja mwisho huu na mwingine mwisho ule, na mwuza vitunguu akawa anakamuliwa akiingia na kukamuliwa akitoka.

Choo kilipojaa, ndipo wilaya zote mbili zikasahau kwamba kuna soko.

Na kilijaa kweli. Funza walipanda kuta wakaanza kutoka mlangoni mchana kweupe. Harufu ilikaa kwenye nguo za watu mpaka nyumbani. Mama Ufunguo alimwaga majivu, akamwaga dawa, akafunga pua kwa kitambaa, na bado alitapika. Mvua zilikuwa karibu. Zikinyesha kabla shimo halijanyonywa, yote yale yangefurika na kuteremka, na pande zote mbili chini kulikuwa na maji ya kunywa: mashariki chemchemi, magharibi kisima. Alikwenda wilaya ya zamani, wakamwelekeza wilaya mpya. Wilaya mpya wakampa kiti, wakamsikiliza kwa upole, wakamrudisha ya zamani. Alipigwa danadana mpaka viatu vikaisha soli, na kila ofisi aliyoingia walimfungulia dirisha kwa sababu ya harufu yake.

Mwishowe mabwana afya wawili, mmoja wa kila wilaya, walipanda pamoja. Walisimama mbali, leso puani, viatu vinang'aa. Walikubaliana haraka sana, jambo ambalo lingemtia hofu mtu yeyote anayezijua ofisi. Gari la kunyonya maji taka, walisema, ni ghali kulipandisha mlimani. Afadhali uchimbwe mfereji kutoka shimoni, uchafu uteremke wenyewe. Uteremkie upande gani? Upande wa mwenye choo. Na mwenye choo atajulikana siku ya soko, mbele ya watu wote: ndoo ya maji itamwagwa mlangoni pa choo, na maji yakielekea wapi, ndiko mfereji utakakoelekea.

Mama Ufunguo aliwauliza watu wa chini watakunywa nini. Wakamjibu kwamba watashauriwa kuchemsha.

Wakamteua yeye kumwaga. Amezaliwa mashariki na kuolewa magharibi, walisema, kwa hiyo hana upande. Alirudi nyumbani. Mtu mwenye pande mbili anaambiwa hana hata mmoja, na anayeambiwa hivyo ndiye anayepewa ndoo.

Wa kwanza kuja alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Alikaa, akasifu nyumba, akaulizia watoto mara mbili. Kisha akasema ndoo ni mkono tu; mkono ukilala kidogo mashariki, nani ataona?

"Shemeji, sisi hatuwezi maisha hayo," alimwambia. "Wale wa upande wa pili wameshazoea uchafu."

Alisahau, au hakujali, kwamba anayezungumza naye ni mmoja wa wale. Usiku huo Mama Ufunguo alilala vibaya, lakini alijipa moyo kwamba ukweni ni ukweni, na kwao hawangeweza kusema vile.

Kesho yake alishuka mashariki kumwona mama yake mzazi. Bibi kizee alimpokea kwa mikono miwili, akamfuta vumbi usoni kama alivyomfuta akiwa mtoto. Waliongea lugha ya nyumbani. Mama alimwuliza kuhusu ndoo, akamshika kiganja, akakiinamisha taratibu upande wa magharibi.

"Hivi tu, mwanangu," alisema. "Wale wameshazoea uchafu."

Ilikuwa sentensi ileile. Shemeji na mama hawakuwa wakielewana hata salamu, lakini hapo walisema neno kwa neno. Mama Ufunguo aliaga akisingizia kazi.

Siku ya soko watu wa miteremko yote miwili walijipanga, hawa huku na wale kule, shemeji mbele kwa hawa na kaka zake Mama Ufunguo mbele kwa wale. Mabwana afya walisimama katikati, karibu na mlango, kwa sababu leo walitaka kuonekana. Ndoo ya maji safi ilikuwa tayari. Mama Ufunguo aliiangalia. Akayamwaga maji nyuma ya kibanda, akaingia chooni na ndoo tupu, na waliokuwa karibu wakasikia kifuniko cha shimo kikiburutwa.

Alipotoka, walioona walianza kurudi nyuma. Mabwana afya hawakuona. Walikuwa wakitazama umati.

Aliimwaga yote mlangoni, bila kuinamisha mkono popote. Ikagawanyika. Nusu iliteremkia huku, nusu kule, na katikati ikaingia kwenye viatu vinavyong'aa. Watu walikimbia hovyo, wa mashariki wakaangukia magharibi na wa magharibi mashariki, hakuna aliyejali anamshika nani mkono. Kaka yake mkubwa na shemeji yake waliteleza pamoja wakaketi ndani yake.

"Haya," alisema Mama Ufunguo. "Aliyezoea asimame, nimwone."

Hakuna aliyesimama. Mabwana afya walikimbilia magari yaliyowaleta, lakini madereva wao walifunga milango kwa ndani. Kwa viatu vile, hapana, hawaingii. Na watu, pande zote mbili, walipogundua kwamba wote wananuka sawasawa, waliyazunguka magari wakaketi chini. Ndipo mabwana afya wakatoa simu. Gari la kunyonya lililokuwa haliwezi kupanda mlima lilipanda kabla ya jioni, na wilaya zikagawana gharama kimyakimya.

Kila bwana afya aliapa kumfukuza kazi. Wote wawili walikwama palepale: atakayemfukuza amekiri kwamba mfanyakazi ni wake, na mwenye mfanyakazi ndiye mwenye choo. Soko lilicheka wiki nzima. Shemeji alikuja kucheka naye, akisema alijua tangu mwanzo kwamba shemeji yake ni mwamba.

Mama yake alituma mtu amwite kula. Mama ni mama, akaenda. Bibi kizee alikuwa na furaha, chemchemi imepona, amepika chakula anachokipenda binti yake. Mama Ufunguo alinawa, akakaa, akatia mkono sahanini. Mkono, uleule ambao mama aliuinamisha magharibi, ukagoma kwenda mdomoni.

"Mbona huli?" mama aliuliza. "Ni kile choo?"

"Choo nimekiosha miaka yote, mama, na kila siku nimekula," alisema, akautoa mkono sahanini. "Hiki cha leo ndicho kimenishinda."